Walimlilia Mastewal Akiwa Hai

Mjukuu wangu Mastewal aliwekewa msiba akiwa hai, akila tambi katika nchi ya Wazungu, na waliomwekea ni watu wazima wenye akili zao, wengine nimewafunda mwenyewe jikoni. Wao siwalaumu. Walifanya vile kwa sababu wana macho. Hasira yangu iko kwingine, na kila nikikaa kupepeta ngano hunirudia kifuani kama kiungulia.

Mastewal ni mkimbiaji. Hapa Debre Berhan ukisema hivyo hujasema kitu, maana kila asubuhi barabara ya kwenda kwenye msitu wa mikaratusi imejaa wasichana wanaokimbia na kufuka mvuke kama masufuria. Lakini yeye alikimbia mpaka kampuni moja ya viatu ya ng'ambo ikamwona, ikampa viatu, ikampa kocha, kisha ikamchukua kwenye kambi yao ajiandae kwa mbio ndefu za mji mmoja mkubwa. Nimemlea mimi. Mama yake, binti yangu Wubit, ameolewa mara ya pili kule Shewa Robit, bondeni kwenye joto, ana mgahawa wake mdogo wa injera, mkate wetu, na mchuzi. Mtoto alibaki kwangu kwa sababu kifua chake kilipenda baridi yetu, na kwa sababu nilikataa kumtoa.

Watu wa tangazo walipofika, Mastewal alikuwa ameshaondoka. Walikuwa kundi zima na magari yao, lakini waliosema ni wawili. Mmoja ni Mikkel, Mzungu mrefu mpole, mwenye tabia ya kuweka mkono kifuani kila anapokushukuru. Wa pili ni Dagim, kijana wa Addis Ababa, mkalimani wake na mpangaji wa mambo yake yote. Dagim alinibusu mashavuni mara nyingi kuliko inavyohitajika, akaniita Bibi kabla sijamkaribisha ndani, akanywa kahawa yangu vikombe vyote vitatu vya desturi. Nikampenda. Ndiyo sababu nilikuja kumchukia vizuri.

Walileta picha ya Mastewal. Ilikuwa kubwa kama mlango, nyeusi na nyeupe, fremu yake nyeusi, na uso wa mtoto umetulia unatazama mbali. Dagim akatueleza wanachotaka. Wanawake wa kwao Mastewal wavae nguo zetu nyeupe, watembee kwa mstari asubuhi ndani ya ukungu, polepole, bila kusema neno, na mimi bibi yake nitangulie nimeikumbatia ile picha kifuani. Akasema maana yake ni kwamba mtoto anapokimbia huko ugenini, kwao wote wanatembea naye.

Wanawake wakatazamana. Kwetu picha ya mtu haibebwi kifuani siku ya harusi, wala siku ya kurudi kutoka safari, wala siku ya kushinda. Hubebwa siku moja, naye mwenyewe siku hiyo hayupo. Wanawake huizungusha uwanjani wakijipiga vifua, na mwimba maombolezo hulitaja jina lake mpaka mtu mgumu kuliko wote anapasuka. Hakuna mtoto wa Debre Berhan asiyelijua hilo. Na Dagim, ingawa ni wa Addis Ababa, ana mama na ana shangazi, na hao nao wamezika.

Mimi napenda vitendawili, na mtu asiyetaka kusikia neno waziwazi humtegea. Nikamvuta Dagim pembeni ya zizi.

"Kitendawili," nikamwambia.

"Tega, Bibi," akasema huku anacheka.

"Watu wote wamekuja kwake, wala hawakaribishi. Ana miguu, na anabebwa."

Kicheko kikamkauka. Alitazama viatu vyake, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Maiti."

"Haya. Sasa nenda ukamtegee Mzungu wako, na jibu umpe."

Akaenda. Nikawaona wanazungumza, Mikkel akatabasamu, akaweka mkono kifuani kule kule alikosimama. Dagim aliporudi nikamuuliza amesemaje. Akajibu kwamba bwana anaheshimu sana mila zetu. Nikamuuliza kama amemtegea kitendawili. Akajikuna shingo, akasema amemwambia tu kwamba bibi ni mtu wa utani.

Hapo ndipo nilipojua kuwa kijana huyu anajua, na kwamba amekwisha kuamua kutokujua.

Yakaja ya mitandio. Mitandio yetu myeupe ina ukingo wa rangi uliofumwa chini, na siku ya kawaida ukingo huo huning'inia upande wa chini. Siku ya msiba mwanamke huigeuza, ukingo ukapanda juu ukamkaa shingoni, na mtu akikuona njiani hakuulizi, anakupa pole. Mzungu mmoja wa kike aliyesimamia mavazi akapita kwenye mstari akiigeuza yote, mmoja mmoja, kwa mikono laini kabisa, rangi ikae karibu na uso. Alisema kamera inaipenda hivyo. Akishapita, wanawake wanairudisha chini. Akigeuka, anaipandisha tena na kuwapapasa mashavu kama watoto watundu.

Wosene, ambaye ndiye mwimba maombolezo wetu na mdomo wake hauna mlango, akasema, "Dada Askale, naona tumeshavalishwa. Basi nitajiwe marehemu nianze kazi."

Wengine wakacheka, kicheko kile cha kuinamisha kichwa. Mmoja akafanya ishara ya msalaba. Lakini wakabaki kwenye mstari. Walikuwa wameambiwa kwamba tangazo litaonyeshwa ng'ambo tu, kwamba hapa halitafika kabisa, na kwamba wakikataa Mastewal ndiye atakayeumia kwa kampuni yake. Hilo la mwisho Dagim alilisema akitabasamu.

Mimi nikakataa. Nilisema mbele ya wote, na nikamwangalia Dagim akilifasiri lote, kwamba simbebi mtoto aliye hai. Waniondoe kwenye picha yao. Picha akapewa Wosene. Nikaenda nikasimama kwenye lango langu. Hasira ilinijaa mpaka machozi yakatoka, na nilikuwa na tusi mdomoni la ukubwa wa jiwe la kusagia, basi nikaukamata mtandio nikajifunika mdomo, nikageuza uso, ili nisiwatukane wageni waliokunywa kahawa yangu. Mtandio wenyewe yule mama wa mavazi alikuwa ameshaugeuza.

Nilipoinua macho kamera ilikuwa imenielekea. Mikkel alikuwa anapangusa machozi yake mwenyewe.

"Umemgusa sana, Bibi," Dagim akaniambia. "Anasema hajawahi kuona fahari kama hiyo."

Jioni ile nikampigia Wubit simu, nikamweleza yote, watu wa kamera, picha, mitandio, nilivyokataa. Alicheka. Akaniuliza kama sasa nitakuwa nadai kuketishwa mbele kanisani kwa kuwa nimekuwa nyota.

Likaonyeshwa. Si ng'ambo tu. Lilitokea katikati ya mpira, katika televisheni zetu, saa ambayo kila mgahawa na kila nyumba yenye umeme imejaa watu. Mara ya kwanza mimi sikuliona. Nililipokea kwa njia ya wageni. Baadaye nikaonyeshwa. Ni ukungu, na filimbi inalia, na wanawake waliovaa nyeupe wanakuja polepole, mitandio imegeuzwa, Wosene mbele amemkumbatia Mastewal. Halafu bibi kizee kwenye lango, amejifunika mdomo, anageuka asitazame. Halafu jina la mtoto. Halafu maandishi: Milele pamoja nasi. Mwisho kabisa, kiatu.

Nikisema kweli, ningekuwa mtu mwingine, na mimi ningelia.

Wa kwanza kuja alikuwa Mzee Shibeshi, mkuu wa chama chetu cha mazishi, na vijana wa chama wamebeba turubai na mabenchi. Alinishika mikono miwili, akaniambia Mungu anitie nguvu. Nikamwambia nguvu ninazo, na Mastewal yu mzima. Akaniangalia kwa huruma kubwa. Akasogea sikioni.

"Tumeelewa, Mama Askale. Mama yake hajaambiwa. Tutakaa kimya mpaka afike."

Ni lazima mjue jinsi tunavyofanya. Mtu akifiwa mbali, haambiwi. Huambiwa mgonjwa anaendelea vizuri, huambiwa ni homa ndogo, wote wanajua isipokuwa yeye, mpaka asubuhi moja wazee wanakuja mlangoni kabla jua halijatoka, naye akiwaona tu anajua. Ni huruma, hatutaki mtu aanguke njiani peke yake. Lakini huruma hiyo ilinifunga miguu na mikono. Nikisema mtoto ni mzima, nilikuwa nasema kile hasa ambacho angesema mwenye maiti. Kila nilipokana walizidi kunisifu kwa uvumilivu. Nikapiga kelele, wakasema uchungu umempanda. Nikanyamaza, wakasema ndiyo hivyo sasa, amechoka. Vijana wakasimamisha turubai uani kwangu kwa adabu nzuri, bila kupiga nyundo kwa nguvu.

Na waliokuwamo kwenye mstari? Nilimwita Wosene aje aseme. Akaja, akasimama, akaanza vizuri, kwamba ilikuwa ni tangazo, kwamba tulivalishwa. Halafu akakatika. Akasema, "Lakini dada, wale watu walikuja na picha imeshachapwa na fremu yake nyeusi. Nani huchapa picha kubwa kama mlango ya mtu mzima mwenye afya?" Akaendelea, na safari hii hakuwa anatania. "Labda walijua kabla yetu."

Nilitamani kumpiga. Nami pia, kwa kitambo kidogo, nikaamini.

Nikampigia Mastewal. Simu yake imefungwa. Kule kambini kocha hukusanya simu zao zote mbio zikikaribia, ili wasisumbuliwe. Nikampigia Dagim. Akanihakikishia mtoto ni mzima kabisa, nisiwe na wasiwasi. Alitumia maneno yale yale ya wazee.

Wubit alifika asubuhi. Nilimsikia kabla sijamwona, tangu barabara kuu, na watu wakatoka turubaini kumpokea wakidhani wazee wa Shewa Robit ndio waliomwambia. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa mgahawani kwake anawahudumia watu waliokuwa wanatazama mpira. Amebeba sinia mikononi, akainua macho, akamwona mama yake mzazi kwenye televisheni, mtandio umegeuzwa, anamlilia mwanawe. Alikuwa amekwishanyoa nywele, kama anavyofanya mfiwa kwetu. Kisu kilikuwa kimempita hapa na pale, kichwa kina mikwaruzo.

Hakuja kunikumbatia. Alisimama mbele yangu na sauti imemkauka.

"Mlimlilia mwanangu bila kuniita."

"Wubit, mtoto yu hai. Nilikupigia simu, nilikueleza watu wa kamera."

"Ulinieleza ili nikiona nisielewe."

"Mwanangu, wallahi —" na mimi si wa kuapa hivyo, jirani zangu Waislamu ndio husema, lakini nilikuwa nimeishiwa na viapo vya kwetu.

"Na baba mlisema anaumwa kidogo," akasema.

Marehemu mume wangu alipofariki tulimwambia Wubit baba anaumwa kidogo, na akapanda huku na machungwa ya mgonjwa, akakuta kaburi limeshafukiwa. Machungwa aliyabeba mpaka kaburini. Hakutusamehe, alituvumilia tu. Na sasa alikuwa amekaa chini kwenye udongo wa ua wangu, amekataa kiti, amekataa maji, anataka aonyeshwe mwili au aonyeshwe udongo wa juu yake.

Dagim akatutumia video. Mastewal anakimbia kwenye uwanja mwekundu, anageuka, anacheka na kamera. Tukamletea Wubit simu machoni. Akaitazama mpaka mwisho.

"Hata waliokufa hukimbia kwenye televisheni," akasema, akaisukuma.

Kesho yake Dagim akafanikiwa kutupatia sauti. Ilikuwa yeye, nilimjua tangu pumzi ya kwanza, ingawa maneno yalikuja yamekatikakatika. Wubit akaiweka sikioni. Alisikiliza, halafu akanirudishia kwa upole ulioniumiza kuliko kelele zake.

"Mmempata msichana mwenye sauti nzuri," akasema.

Hakula. Mdomo wake ulikuwa umeanza kupasuka. Niliwahi kumwona mwanamke mmoja wa hapa kwetu aliyekataa chakula baada ya mwanawe kufa. Tulimzika kabla ya mvua. Wubit alikuwa ameingia njia ile ile, na kwa ajili ya mtoto mwenye afya kama ndama. Basi nikajifunga, nikawaachia Wosene na wenzake wamwangalie, nikashuka Addis Ababa kwenye ofisi ya watu wale.

Ni ofisi ya vioo. Mikkel alisimama aliponiona, mkono kifuani, akaniletea kiti mwenyewe. Kabla sijafungua mdomo akaanza kunionyesha kwenye kompyuta yake maneno ya watu wa huko kwao walioliona tangazo. Dagim akawa ananisomea. Mmoja amelia kwa furaha. Mmoja amempigia simu bibi yake ambaye hakuzungumza naye siku nyingi. Mmoja anasema laiti na yeye angekuwa na kijiji kinachompenda namna ile. Mikkel aliniangalia akisubiri nifurahi, na nadhani aliniona nina ugumu wa moyo.

Nikamwambia Dagim, sasa wewe utafasiri, na ukiruka neno moja nitakujua kwa uso wako. Nikasema: bwana, ulinipiga picha nikikukasirikia. Yale hayakuwa machozi ya fahari. Nilikuwa nimekuzuilia tusi. Watu wako wameona upendo, watu wangu wameona maiti, na kitu chenyewe kilikuwa ni mimi nakuambia hapana. Binti yangu anakufa kwa kiu chini ya turubai la msiba wa mtoto aliye kwenye kambi yako.

Dagim alifasiri. Nilimtazama midomo. Alipofika kwenye "hapana", akalisema.

Mikkel akakaa. Uso wake ulikuwa mwekundu. Akauliza kitu, akiwa amemgeukia Dagim na si mimi, na ingawa lugha yao siijui, nilijua anachouliza. Anauliza, wewe ulijua? Dagim akatazama viatu vyake, kama siku ile kando ya zizi.

Basi hapo ningefikiri mtu atainuka afanye jambo. Mikkel akasema anasikitika sana. Akasema litaondolewa kwenye televisheni za kwetu. Ng'ambo litaendelea, kwa sababu huko linaeleweka vizuri. Ndivyo alivyosema, linaeleweka vizuri. Na kuhusu Mastewal, mbio ni wiki hiyo hiyo, hawezi kumwondoa, uamuzi ni wa mkimbiaji mwenyewe. Nikamwambia vyema, basi mpigie mkimbiaji mwenyewe, sasa hivi, kwa simu ya kocha.

Wakanipa simu. Mastewal alikuwa hajui lolote. Walimficha. Walimwambia mama ana homa ndogo, kumbe hata Wazungu wanaweza kujifunza mila zetu zikiwafaa. Nikamweleza.

"Wamekaa siku ngapi turubaini?" akauliza.

"Za kutosha."

"Bibi, mimi nimefanya nini? Nimekimbia tu. Nimekaa hapa sili ninachotaka, silali ninapotaka, ili siku hii ifike, na ninyi huko mmenizika?" Alikuwa analia kwa hasira, na ile hasira ilikuwa yangu, nilimrithisha mimi. "Wosene amebeba picha yangu? Wosene? Na nikimpigia mama tena?"

"Umeshampigia. Amesema una sauti nzuri."

Sikumwambia njoo. Mungu ananisikia, neno hilo sikulitoa, maana nilijua linabeba nini. Nilimwambia mama yako hanywi maji, nikamrudishia Mikkel simu yake.

Alikuja. Alipanda ndege siku ile ambayo wenzake walikuwa wakienda kuitazama njia ya mbio. Kampuni ilimwambia kuondoka ni kuvunja makubaliano, naye akawaambia wamwite milele pamoja nao.

Alipoingia uani alikuwa na begi moja na nguo za mazoezi. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mabenchi na sahani za ngano ya kuchemsha, chakula cha msiba, na hakuna aliyejua la kufanya. Mmoja alianza kigelegele kikamfia kooni. Mwingine alikimbia kabisa. Mzee Shibeshi alisimama, akavua kofia, akaivaa tena. Mastewal hakuwasalimu. Alipita katikati yao akiwatazama mmoja mmoja, nao wakainamisha macho kama waliokutwa wanaiba.

"Endeleeni," akawaambia. "Msiniache nusu."

Wubit alikuwa ameegemea ukuta. Alimwona mtoto anakuja, na hakusimama. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Hapo ndipo niliogopa kweli, kwa sababu nilifikiri tumechelewa, amekwishafika mahali ambapo hata akimwona hamwamini. Mastewal akapiga magoti mbele yake, akataka kumkumbatia. Wubit akamzuia kwa mkono.

"Vua viatu," akasema.

Mastewal akavua viatu, akavua soksi. Wubit akauchukua mguu mmoja akauweka mapajani. Kucha za wakimbiaji si za kutazama. Zimekuwa nyeusi, nyingine zimeng'oka, vidole vina sugu na malengelenge yaliyopasuka juu ya malengelenge. Akaupapasa ule mguu kidole kwa kidole, akabonyeza lengelenge moja jipya, na Mastewal akashtuka akasema, "Mama, unaniumiza."

Wubit akalibonyeza tena. Kisha akainamisha kile kichwa chake cha mikwaruzo juu ya ule mguu, na sauti iliyomtoka sitaieleza. Nikaleta maji. Akanywa akiwa ameushika mguu kwa mkono mwingine, kama mtu aliyekamata kuku wa sokoni.

Turubai hatukuliondoa siku ile. Ngano ilikuwa imeshapikwa nyingi, na watu waliona aibu kuondoka na aibu kubaki, basi wakabaki. Jumapili mbio zilikimbiwa bila yeye. Mastewal alizitazama mpaka mwisho, na msichana aliyeshinda alikuwa ni yule waliyekuwa wakifanya mazoezi naye, ambaye yeye huwa anamwacha nyuma kwenye milima. Wosene alijaribu kusema mwaka ujao upo. Mastewal akamuuliza mwaka ujao watambeba nani.

Tukiwa bado tumekaa, simu yangu ikalia. Alikuwa Dagim. Nikaiweka kwenye spika watu wote wasikie. Alianza kwa salamu ndefu, akasema wote ofisini wamefurahi mno, akasema bwana Mikkel hajalala kwa kufikiria jambo hili. Na kwamba wamepata wazo. Wangependa kuja na kamera, ndogo tu, watu wachache, kupiga picha za mama na mtoto waliokutana tena. Itakuwa njia ya kusahihisha. Safari hii watatusikiliza sisi tukae vipi. Watu wa ng'ambo wakiona, alisema, wataguswa sana.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nalo lile tusi, la siku ile ya lango, nililitunza vizuri. Lakini Wubit akanyoosha mkono akaichukua simu kutoka mkononi mwangu.

"Wewe ndiye Dagim?" akauliza.

"Ndiyo mimi, mama. Ninazungumza na nani?"

"Mimi ni mama wa marehemu. Haya, nifundishe. Nikae wapi, nitazame wapi, nianze kulia saa ngapi?"

Simu ikakatika.

Wubit hakuiondoa sikioni. Alisubiri kidogo, akaitazama, akampa Mastewal.

"Mpigie," akasema. "Sijamaliza kumuuliza."

Mastewal akapiga. Ikawa inaita, inaita, na sisi sote chini ya turubai tunaisikiliza.